Herufi Nne za LILO

Tangu Microsoft isitishe huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta za mezani za zamani zimerudi mikononi mwa mafundi, na wenye nazo wanashauriwa waweke Linux. Ushauri mzuri. Kinachokera ni kijana anayejiita fundi ambaye, skrini ikibaki nyeusi baada ya kusakinisha, hutamka palepale kwamba mashine imekufa. Waliomtangulia hawakumzidi akili. Walifunzwa na mashine zenyewe, maana zilikuwa zikisema zinaumwa wapi.

Miaka ya 1990, Linux nyingi ziliwashwa na programu ndogo iitwayo LILO. Iliandika jina lake kwenye skrini herufi moja moja, kila herufi kwa hatua yake. Ikiishia L, hatua ya pili haijapakiwa. Ikiishia LI, hatua ya pili imepakiwa ila imegoma kufanya kazi: ama BIOS na LILO hazikukubaliana juu ya vipimo vya diski, ama faili lilihamishwa na mtu akasahau kuendesha tena amri ya lilo. Dawa yake ilikuwa kuwasha kwa disketi, kuandika amri hiyo, basi. LIL ilitia wasiwasi zaidi, kwani huenda diski yenyewe ilikuwa mbovu. Fundi alijua pa kuanzia kabla hajashika bisibisi.

Atauliza mtu, nani anataka kurudi huko? Hakuna. Kupanga masafa ya skrini kwa mkono, huku maelekezo yakionya kwamba ukikosea unaweza kuiunguza, hakukuwa raha. CD za Ubuntu zilizotumwa bure kwa posta hadi 2011 ziliwapunguzia wengi mateso. Lakini urahisi huo ulikuja na nembo ya kupendeza inayofunika kila ujumbe, na anayeanza leo hajui kwamba chini yake kuna maandishi. Mengine yakaenda mbio: programu nyingine ya kuwashia, GRUB, ikatawala, LILO ikaachwa, na mwaka 2017 Ubuntu ikaacha kutoa diski ya kusakinishia kwa kompyuta za mezani za biti 32. Hizo, kwa upande wa Ubuntu, kweli zimefungiwa mlango, na si kosa la fundi.

Nyingi zilizobaki ni nzima. Kwenye mashine ya BIOS, shikilia Shift inapowaka, menyu ya GRUB itokee. Bonyeza e, futa maneno quiet na splash, kisha F10, usome. Skrini ikiwa nyeusi, andika nomodeset mahali pake. Linux ikilalamika kwamba diski ilitumika mara ya mwisho katika wakati ujao, usicheke: saa imerudi nyuma, mara nyingi kwa sababu kibetri cha ndani kimeisha. Kinaitwa CR2032, na hakigharimu hata sehemu ndogo ya bei ya kompyuta mpya.