Kizimba cha Chuma na Abiria wa Nyuma

Mpwa wangu wa Ujiji ameniomba nimchangie fedha za kufunga kizimba cha chuma ndani ya gari lake, Altezza anayoipenda kuliko usingizi. Yeye na wenzake hushindana mbio za mstari ulionyooka: magari mawili ubavu kwa ubavu, umbali wa robo maili, yaani mita 402. Uwanja wa mchezo huo hawana, basi hungoja usiku lami itulie. "Mjomba," ameniandikia, "si wewe unayesema uhai kwanza?" Hoja ina nguvu, nami nimeona niijibu hadharani, kwa kuwa haimhusu yeye peke yake.

Kizimba hicho ni mabomba yaliyopindwa na kuchomelewa kufuata umbo la ndani ya gari, ili gari likibingirika paa lisimshukie dereva. Wenye mchezo hawakubahatisha. Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, linataka tao kuu, lile linalosimama nyuma ya dereva, liwe la bomba la chuma lisilo na mshono, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au kipenyo cha 50 na unene wa 2. Kila mguu wa tao unakaa juu ya bamba la chuma lenye unene usiopungua milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita za mraba 120. Sababu yake ni nyepesi kuielewa: sakafu ya gari dogo ni bati jembamba, na bomba lililochomelewa moja kwa moja juu ya bati hulitoboa siku ya ajali kama msumari unavyotoboa debe.

Fundi aliyemkadiria gharama alipendekeza mabomba ya maji. Bomba la maji limetengenezwa kuhimili maji, si uzito wa gari lililopinduka. Tena moshi wa zinki iliyolifunika humdhuru huyo huyo anayelichomelea. Simdharau fundi wa Kigoma. Mji huu uliiunga ribiti kwa ribiti meli iliyoletwa vipande vipande kutoka Papenburg, ikashushwa majini mwaka 1915, nayo ndiyo tunayoiita MV Liemba. Lakini vipande vile vilifuatana na mafundi wa kiwanda kilichoviunda.

Tuseme mabomba sahihi yamepatikana. Bado liko jambo ambalo vijana hawapendi kulisikia: kizimba humlinda mtu aliyefungwa mkanda barabara na kuvaa helmeti. Asiye na helmeti, bomba lile lile lililo sentimita chache kutoka kichwani mwake humpasua fuvu katika mgongano mdogo ambao gari la kawaida lingemwachia nundu tu. Mama yake huenda na gari hilo Kibirizi kununua dagaa, na wadogo zake hulipanda kwenda shule. Hakuna hata mmoja wao atakayevaa helmeti kwenda shule. Kwa hiyo mlinzi wa dereva wa usiku ndiye adui wa abiria wa mchana, na hao abiria hawakuulizwa.

Nimemjibu kwamba senti yangu ataipata siku gari hilo litakapoacha kubeba familia na kuacha kushindana kwenye barabara ya watu. Hajafurahi. Amenikumbusha, na hapa naye amesema kweli, kwamba mimi husafiri kwa basi kati ya Kasulu na Kigoma bila kuuliza nguzo zake zimechomelewa vipi.

Hapo ndipo suala linapotoka gereji na kuingia katika siasa. Kijana anayetafuta hatari kwa hiari yake anaweza kujinunulia chuma. Mama anayepanda basi kwa sababu hana njia nyingine hukaa chini ya paa ambalo hakulichagua. Elimu ya kumlinda ipo. Kanuni ya 66 ya Umoja wa Mataifa huhusu mabasi makubwa yanapopinduka: basi hulazwa ubavu mpaka lianguke katika shimo lenye kina cha milimita 800, na baada ya hapo hakuna sehemu ya bodi inayoruhusiwa kuingia katika nafasi iliyotengwa ili abiria abaki hai.

Kwetu, gari lililokaguliwa hujulikana kwa stika kwenye kioo cha mbele. Naomba kando ya stika ibandikwe karatasi ya pili: bodi hili limejengwa wapi, kwa chuma gani, na limejaribiwa na nani. Iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, mlangoni anapopandia mwenye tiketi, aweze kuisoma kabla hajatoa nauli.