Vichochoro vya Masaisi Mjini London

Msafiri apitaye katika mitaa ya magharibi ya mji wa London huona safu ndefu za nyumba nyeupe zenye nguzo milangoni, akadhani kuwa ameuona mtaa wote. Lakini nyuma ya nyumba hizo upo mji mwingine mdogo. Mahali pamoja katika safu hutokea tao la matofali au la mawe. Akilipita, kelele za magari hupungua. Mbele yake hunyooka kichochoro kilichotandikwa mawe ya itale, na mfereji wa maji umepita katikati. Kila upande zimejipanga nyumba fupi za orofa mbili, ya chini na ya juu. Milango ya chini ni mipana kupita mahitaji ya binadamu. Haikukatwa kwa ajili ya watu, bali kwa ajili ya magari ya kukokotwa na farasi.

Kichochoro cha namna hii huitwa kwa Kiingereza mews, na asili ya jina hilo ni ndege. Hapo kale wafalme wa Uingereza walifuga kozi wa kuwindia karibu na Charing Cross, na neno hilo lilitaja mahali walipofungiwa ndege hao wakati wa kunyonyoka manyoya. Mwaka 1534, katika enzi ya Mfalme Henry wa Nane, majengo hayo yaliungua. Yalipojengwa tena yalitiwa farasi, ila jina la ndege likabaki. Baadaye mazizi ya mfalme yalihamishwa, na leo mahali pale pana Uwanja wa Trafalgar na jumba la picha la taifa. Lakini jina lilikuwa limekwisha kuenea kwa mabanda ya farasi ya mji mzima.

Enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia mwaka 1837 hadi 1901, ndiyo iliyojenga vichochoro vingi kati ya hivi. Kila tajiri alihitaji farasi, na kila farasi alihitaji zizi, majani na mtu wa kumtunza. Mwishoni mwa karne hiyo farasi wa London walikadiriwa kuwa kiasi cha laki tatu. Wajenzi wakabuni mpango ulio rahisi na wa akili: nyumba kuu itazame barabara, na banda litazame kichochoro cha nyuma. Chini waliwekwa farasi na gari. Juu palikuwa na ghala la majani makavu na vyumba vya saisi. Juu ya mlango wa ghala ilitokeza boriti yenye kapi ya kupandishia mizigo. Ukuta ulioelekea bustani ya bwana kwa kawaida haukutobolewa dirisha, ili jamaa za mtumishi wasiichungulie familia ya tajiri.

Basi juu ya farasi ndipo alipoishi saisi na mkewe na watoto wao, mara nyingi katika vyumba viwili tu. Joto la wanyama, harufu ya samadi na nzi wa kiangazi vilipanda hadi chumbani. Usiku kwato zikigonga sakafu, baba aliamka kusikiliza kama farasi wa bwana ana maradhi. Nyumba hiyo haikuwa yake; ilifungamana na kazi. Askari au polisi aliyelea watoto wake katika kota hahitaji kufafanuliwa jambo hili: siku kazi inapokoma, na ufunguo hurudishwa.

Kazi hiyo ilikoma. Gari la mota lilianza kuchukua nafasi ya farasi mwanzoni mwa karne ya 20. Kisha mwaka 1914, katika majuma ya kwanza ya Vita Kuu, jeshi la Uingereza lilitwaa farasi zaidi ya laki moja kutoka mashamba na miji ya nchi hiyo. Mabanda mengi yakageuzwa gereji, karakana au ghala. Baada ya vita watu wenye fedha wakayatazama kwa jicho jingine: yalikuwa katikati ya mji, nayo yalikuwa kimya. Zizi likawa sebule, na ghala la majani likawa chumba cha kulala. Leo katika mitaa kama Kensington na Belgravia nyumba hizo huuzwa kwa mamilioni ya pauni.

Nyingi zingebomolewa kama si sheria. Sheria ya mipango ya miji ya mwaka 1947 iliweka msingi wa orodha ya majengo yenye thamani ya usanifu au ya historia, na sheria ya mwaka 1967 ikaruhusu mitaa mizima ihifadhiwe. Jengo lililomo katika orodha hulindwa nje na ndani. Mwenyewe hawezi kung'oa ngazi wala kuvunja ukuta wa kale bila kibali, na akifanya hivyo ametenda kosa la jinai.

Mfano mzuri uko Bloomsbury, katika kichochoro cha Colonnade. Hapo pana zizi la kale la orofa mbili liitwalo Horse Hospital, yaani Hospitali ya Farasi. Ndani hakuna ngazi kwa ajili ya wanyama, bali njia za mteremko zilizopigiwa mbao ngumu ili kwato zisiteleze. Nguzo za chuma na pete za kufungia farasi zimehifadhiwa. Kuanzia miaka ya 1990 watu walifika humo kutazama filamu na maonyesho ya sanaa, wakipanda mteremko uleule uliopandwa na farasi.

Hivyo sheria imelinda mawe, milango, kapi na pete. Haikuwalinda masaisi, kwa maana walikuwa wamekwisha kuondoka zamani, wala majina ya wengi wao hayakuandikwa ukutani. Hata hivyo, maadamu mlango mpana ungalipo, na ukuta wa nyuma usio na dirisha haujatobolewa, mpita njia anaweza kutambua ni nani aliyeishi pale, na kwa masharti gani.