Jina nililoliona maabara

Wadau, mwezi uliopita nilikwenda kwenye maabara moja hapa Dar kuandika habari ya utafiti. Kijana wa takwimu akanifungulia REDCap, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, mwaka 2004. Kwenye skrini: jina, simu, majibu ya VVU. Jina nalifahamu. Ni jirani yangu!

Mbona hamfichi? Akasema majina wameyawekea alama, data ikipakuliwa hayatoki. Sawa, lakini ukifungua fomu yenyewe unayaona yote. Si wangeyaweka kwenye fomu ya peke yake, asiyehusika asipewe ruhusa ya kuifungua? (Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, jamani.)

Jana jirani kanisalimia dukani. Nikashindwa kumtazama usoni.