Ukoka Uani, Likoni

Katika mitaa ya ndani ya Likoni, ng'ambo ya kivuko cha feri cha Mombasa, nyua za mchanga zinazidi kufunikwa kwa saruji na kabro. Hatuwalaumu wenyewe, kwani ua wa namna hiyo hufagilika upesi. Lakini msimu wa kaskazi kabro hushika joto mchana kutwa na kulitoa usiku, na akina mama waliozoea kutandika jamvi nje baada ya alasiri sasa hukaa ndani chini ya feni.

Mwezi wa Februari tulialikwa kwa bibi mmoja ambaye ua wake wote umetandwa na ukoka. Tulivua viatu tukakanyaga. Ardhi ilikuwa ya baridi, na wajukuu walikuwa wakicheza hapo jua likiwa bado kali.

"Sikutoa hata senti, wanangu," alisema. "Niling'oa kando ya njia."

Ukoka ni nyasi ya kwetu Afrika, ijapokuwa Wamarekani huuita kwa jina la kisiwa cha Bermuda. Hutambaa juu ya ardhi na chini yake, na kila pingili inayogusa udongo hutoa mizizi. Hustahimili jua, ukame, hata chumvi kiasi. Ukikosa mvua hukauka majani, watu wakadhani umekufa, kumbe mizizi ingali hai. Usichokiweza ni kivuli. Chini ya mwembe wa bibi palikuwa patupu, naye ameweka kiti hapo.

Mvua za masika zilipoanza, alituambia, alipalilia magugu, akachanganya samadi kidogo na mchanga, kisha akapanda vipande vyenye pingili mbili tatu, shubiri moja kati ya kimoja na kingine, akiacha ncha tu nje. Kiangazi huunyunyizia maji ya udhu aliyoyakinga kwa beseni, maana maji ya mkokoteni ni ghali. Fyekeo hulishika mwenyewe.

Adha yake ni moja, nayo si ndogo: ukoka hauheshimu mpaka. Uliingia katika tuta la mchicha, na kila kipande kilichokatwa kwa jembe kikachipuka upya. Sasa mchicha wa bibi unaota ndani ya makarai makuukuu yaliyotobolewa, juu ya matofali, na kila Ijumaa asubuhi hupita akikata nyuzi zinazopanda.