Nilivyolima saga ghorofa ya tatu

Nimekuwa kimya, mnisamehe, kazi ni kazi. Leo naandika kutoka Misikhu, kwenye baraza ya nyumba ya mama, tarakilishi juu ya magoti na malori ya kwenda Kitale yakinguruma kule barabarani. Mtandao unakuja na kwenda. Asubuhi jirani mmoja alikuja kuomba mbegu, na Mayi (ndivyo tunavyowaita mama zetu huku) akamwambia, "Muulize huyu, yeye hulima mboga ndani ya nyumba." Yule mama alicheka mpaka akaegemea nguzo. Ndani ya nyumba? Mezani au kitandani? Hapa ukifungua mlango wa nyuma unakanyaga mboga. Basi nimeona nieleze kisa chote, maana wengi wenu mnaishi kwenye maghorofa na mmekuwa mkiniuliza habari za Arduino na vihisi.

Ilikuwa mwaka 2020. Mwezi Machi Mayi alikuja Nairobi kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Nyuma alikuwa ameshalimisha shamba, mbegu ya mahindi iko ndani, anangoja mvua tu. Mpango ulikuwa wiki mbili. Tarehe 6 Aprili serikali ikapiga marufuku kuingia na kutoka Nairobi kwa sababu ya korona, na Mayi akakwama kwangu Pipeline, Embakasi, ghorofa ya tatu.

Mnaoijua Pipeline hamhitaji maelezo. Majumba yamesongamana hivi kwamba ukianika nguo dirishani, jirani wa jengo la pili anaweza kukuanulia bila kutoka kwake.

Kila jioni Mayi alipiga simu nyumbani kuuliza mvua imefika wapi na nani amepanda. Nilituma pesa kwa M-PESA vijana wakampandia, wakachelewa, na alijua wamechelewa. Chakula akawa anakigusa tu. Sukuma wiki za mtaani alizitazama kwa shaka: "Hizi zimenyweshwa maji ya wapi?" Sikuwa na jibu. Siku moja nikamkuta amefungua pembe ya leso, ndani mna mbegu nyeusi ndogo ndogo. Saga, au chisaka kwa lugha ya kwetu. Alikuwa amesafiri nazo. Akaniuliza kama kuna mahali hata pa kutosha sufuria. Daktari alikuwa amemkataza kuinama, kubeba vizito na kukaa penye vumbi, kwa hiyo bustani yoyote ingekuwa ndani, na mikono ingekuwa yangu.

Mimi ni mtu wa programu. Nilifanya tunachofanya sote: nikaingia kwenye mtandao, nikasoma kurasa kama ishirini. Zote zilikubaliana kwamba mmea wa ndani uwekwe kwenye dirisha linaloangalia kusini. Bahati iliyoje! Dirisha la sebule yangu linaangalia kusini kabisa. Nikakata mitungi ya mafuta ya kupikia, nikatoboa matundu chini, nikanunua udongo na samadi kwa wauza miche wa kando ya barabara. Tukapanda saga, managu na dhania, na miche miwili ya nyanya.

Mbegu ziliota vizuri. Baada ya siku kumi miche ya saga ilikuwa mirefu, myembamba kama uzi, imepauka, imelala upande wa kioo. Mayi akasema, "Papa, zinatafuta jua. Nyumba hii ina giza." (Ananiita papa kwa kuwa nina jina la baba yake.) Mimi nikashtuka, lakini si kwa ajili ya miche. Nilifikiri ni jicho. Kwangu sebule ilikuwa na mwanga wa kutosha, nasoma bila kuwasha taa. Nilimpigia muuguzi, nikamuuliza kama ni kawaida mgonjwa kuona giza wiki kadhaa baada ya upasuaji. Akaniuliza maswali, akasema nimlete siku ya miadi.

Usiku huo nikapakua programu ya simu inayotumia kihisi cha mwanga, kile kile kinachopunguza ung'avu wa kioo cha simu. Kipimo chake huitwa laksi. Asubuhi nikapima. Meza ya sebule, laksi 180. Kwenye kidirisha chenyewe, 1,100. Nikapanda juu ya paa wanakoanika nguo, saa sita mchana: simu ikasoma zaidi ya 90,000.

Nilirudia mara tatu nikidhani programu ina hitilafu. Haikuwa nayo. Jicho letu ndilo linalodanganya: mboni hupanuka gizani na kusinyaa penye mwanga, na ubongo unamalizia kazi, hivyo chumba chenye mwanga mara mia tano pungufu ya nje tunakiona "kizuri tu". Mmea hauna ujanja huo. Unahesabu kilichoufikia. Na Mayi, aliyezoea kukaa nje tangu alfajiri hadi jioni, alikuwa ameona sawasawa kwa jicho moja lililotoka kushonwa.

Na lile dirisha la kusini? Hapo ndipo nilipojicheka. Kurasa zile ziliandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako jua hupita upande wa kusini mwaka mzima. Nairobi iko kusini ya ikweta kidogo tu, zaidi ya digrii moja. Kati ya Machi na Septemba jua letu la mchana liko kaskazini ya utosi. Mwezi Aprili dirisha la kusini halipati jua la moja kwa moja hata dakika moja mchana. Ungengoja Desemba. Isitoshe, jua letu huwa juu sana saa sita, linaangukia paa na kupita madirisha yote. Linaloingia ndani ni la asubuhi kwa madirisha ya mashariki na la jioni kwa ya magharibi. Nilikuwa nimefuata mwongozo wa mashine nyingine, neno kwa neno.

Jambo la pili nililisoma baadaye. Saga ni ya kundi la mimea ambalo wanasayansi huliita C4, pamoja na terere, mahindi na miwa. Mimea hii imeumbwa kwa jua kali na joto, na kivulini hushindwa mapema. Yaani mimea ile ile inayojaza mashamba kuanzia Misikhu hadi Bungoma ndiyo mibaya kuchagua kwa sebule ya Pipeline! Managu na dhania si wa kundi hilo, nao huvumilia zaidi. Kwa anayetaka kujua mengi kuhusu mboga hizi za kienyeji, atafute kazi za Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT, aliyezitafiti kwa miaka mingi.

Basi tukagawana. Managu, dhania na nyanya zikabaki ndani chini ya taa mbili za LED za wati 10 kila moja, nyeupe za kawaida, zikining'inia kama sentimita 15 juu ya majani. Hakuna haja ya zile taa za zambarau za bei mbaya. Karibu ndiyo siri, maana taa ikipanda mwanga unaofika unapungua haraka. Saa 14 kwa siku ni wati-saa 280, kama uniti 8.4 za umeme kwa mwezi. Piga hesabu na bei ya tokeni yako.

Saga tuliipanda upya mapema Mei, kwenye ndoo mbili. Keateka alikataa ziwekwe kwenye paa moja kwa moja, ila akaruhusu "kuanika". Kwa hiyo kila asubuhi nilizipandisha ndoo kama mtu anayepeleka nguo, nikazishusha mchana baada ya mikutano ya kazi. Wenzangu kwenye simu walizoea kunisikia nikihema.

Umwagiliaji nao, kiburi changu. Nilinunua Luthuli Avenue kihisi cha unyevu cha meno mawili na pampu ndogo, nikaandika programu fupi: udongo ukiwa mkavu, pampu iwake. Ilifanya kazi wiki mbili. Siku ya kumi na tano, saa nane usiku, mama wa nyumba ya chini akagonga mlango akiwa na beseni. Maji yalikuwa yanamdondokea kitandani. Kosa halikuwa kwenye programu. Umeme uliopita kwenye yale meno mfululizo, ndani ya udongo wenye maji, ulikuwa umeyala. Yakaisha chuma, kihisi kikasoma "kavu", pampu ikamwaga, kikasoma "kavu" tena. Dawa yake ni kuwasha kihisi sekunde moja tu wakati wa kupima, au kununua kile kisicho na chuma kilicho wazi. Na uweke kikomo cha muda wa pampu kwenye programu, tafadhali. Nililipia godoro. Mayi hakusema kitu, ila tangu hapo alinyunyiza mwenyewe kwa kikombe, kidole kikiwa udongoni.

Nyanya zilitoa maua yakawa yanapukutika, maana ndani hakuna upepo wala nyuki wa kuyatikisa. Nikafunga simu kuukuu kwenye shina, nikawa naipigia itetemeke. Tulipata nyanya nne. Mayi alizihesabia jirani wa Misikhu kwa simu.

Katikati ya Juni tulichuma saga. Ndoo mbili zilitoa mafungu mawili, na mnajua saga ikipikwa inavyonywea. Akailaza usiku kucha kwenye maziwa ipunguze uchungu. Akasikitika kwamba hakuna munyu wa majivu ya maganda ya maharagwe. Kisha akasonga ugali mkubwa kuliko mboga, akala, akaniambia nisimwangalie hivyo.

Tarehe 7 Julai barabara zilifunguliwa. Aliondoka na basi la kwanza alilopata, na mbegu za saga mpya, chache, katika pembe ile ile ya leso. Mahindi yake mwaka ule yalikuwa mafupi. Managu yaliendelea chini ya taa hadi nilipohama, na kila Jumapili alinipigia kuuliza kama nimeiwasha.

Huyu jirani hajaondoka bado. Anataka kujua jiko lake lina laksi ngapi, nami nimemwambia nadhani hazifiki hamsini kwa ule moshi. Mayi anasema nimezidisha. Tunakwenda kupima sasa hivi.