Gluu Yetu Siku Hizi Inalala Jikoni

Ukiingia kwa anko wangu Nyahururu mwezi huu wa Julai, utapata ndoo ya gluu chini ya meza ya jikoni, imekaa kama mgeni wa heshima. Anti ameilalamikia mpaka amechoka. Ni mimi niliileta. Ngoja niwaambie ilifikaje hapo, kwa sababu ndani yake kuna viti sita, aibu ya kutosha, na kitu nilichokuwa najiambia mwaka mzima.

Mlionifolo kitambo mnajua niliacha kampo mwaka wa pili. Nilirudi ushago nikaanza kumsaidia anko kwa karakana. Hiyo karakana ni nguzo, mabati na sakafu ya simiti, basi. Ukuta wa upande mmoja una nafasi unaweza kupitisha mkono. Na Nyahururu iko juu, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Watu wa Mombasa mnaocheka majaketi yetu, kujeni Julai saa kumi na mbili asubuhi mshike msumeno wa chuma na mikono mitupu. Halafu tuongee.

Gluu yetu ilikuwa inakaa kwa sakafu, karibu na mlango. Ni ile nyeupe ya ndoo ambayo kila fundi anatumia. Hakuna mtu alikuwa ameifikiria sana. Gluu ni gluu.

Mwaka jana, Julai hiyohiyo, anko alinipa kazi yangu ya kwanza ya peke yangu. Mama mmoja wa hoteli alitaka viti sita vya saiprasi, kila kimoja 1,800. Nilichonga ndimi, nikatoboa matundu, nikapima mara mbili kila kitu. Jioni nikapaka gluu, nikabana na klampu, nikafunga mlango. Asubuhi nikafungua, viti vimesimama wima. Nikarekodi video. Wengine wenu mlilaiki hiyo video. Niliandika hapo chini kwamba mikono haihitaji digrii. Maze.

Wiki mbili baadaye boda alifika na kiti kimefungwa nyuma kwa kamba. Miguu ilikuwa imeachana kabisa. Mteja alikuwa amekikalia, kikafunguka, akaenda chini na chai yake. Bahati haikumchoma. Mama wa hoteli hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Alisema tu, "Kijana wangu, hivi vingine nimevitoa. Siwezi kukalisha mtu nikiomba Mungu."

Hapo karakana kila mtu alikuwa na jibu. Anko alisema tuliuziwa gluu feki. Mwenye duka akasema ndoo kama hiyo ameuzia mafundi kumi na hakuna amerudi. Mzee mmoja hupitia kuota jua kwetu akamaliza kesi: "Hawa wa kampo ni wa simu tu." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini usiku nililala na hilo neno. Kwa sababu nilikuwa nimeshajihukumu. Kampo sikumaliza, viti navyo vimeachana. Nilijiona mtu ambaye chochote akishika hakishiki.

Nilimtumia kazo wangu picha ya kile kiti. Yeye anaishi Minnesota, Marekani, na wikendi hutengeneza fanicha kwa garaji. Sikutaka ushauri, nilitaka kunung'unika. Akanijibu kwa sauti, swali moja: "Hapo gluu ilikuwa, kuna unga mweupe kama chaki?"

Nikaenda kuangalia na tochi ya simu. Kulikuwa na unga mweupe kama chaki. Nilikwangua na ukucha ukaanguka.

"Hiyo si feki," akasema. "Ulipaka kwa baridi."

Acha niwaeleze vile alinieleza. Ile gluu nyeupe ni punje ndogo sana za plastiki zinaelea kwa maji. Ukipaka, maji yanaingia kwa mbao na mengine yanakauka hewani, punje zinabaki zimebanana. Hapo ndipo zinatakiwa kuungana ziwe utando mmoja. Lakini ili ziungane lazima ziwe laini kidogo, na huo ulaini unatoka kwa joto. Gluu nyingi za aina hii zinataka kama nyuzi 10 kwenda juu, zingine zaidi kidogo. Chini ya hapo maji yanaenda, lakini kila punje inabaki kivyake. Kwa macho imekauka. Ukweli ni kwamba umebandika kiti chako na chaki.

Kwao wanajua hii kitu kwa lazima. Januari huko usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 20 hasi, na garaji yake haina hita ya kudumu. Msimu wake wa kwanza wa baridi aliacha chupa huko nje ikaganda barafu. Ilipoyeyuka ilikuwa mabonge na maji, kama maziwa yaliyoharibika. Gluu zingine zinavumilia kuganda mara chache, lakini ikishakuwa mabonge na ukikoroga hayaishi, tupa. Sasa gluu yake inakaa kwa kabati ndani ya nyumba kuanzia Novemba. Siku ya kubandika anawasha hita ya garaji mapema, kwa sababu gluu yenye joto ukiipaka kwa mbao baridi, inapoa hapohapo. Mbao pia inatakiwa iwe na joto. Na usiku wa kwanza hairudishi kazi kwa baridi.

Nilimwambia sisi hatuna barafu. Akasema, "Huhitaji barafu. Unahitaji asubuhi ya nyuzi saba tu."

Nikanunua kipimajoto cha bei rahisi nikakipachika kwa nguzo ya karakana. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi: nyuzi saba.

Sikuamini bado, so nilifanya jaribio. Vipande vinne vya saiprasi kutoka ubao mmoja. Viwili nilibandika jioni, gluu ya sakafuni, nikaviacha karakana. Viwili niliviweka jikoni kwa anti usiku mzima pamoja na kikopo cha gluu, nikabandika saa saba mchana jua likiwa limeshika, nikavilaza ndani. Siku iliyofuata nilibana kila kimoja mezani nikapiga na nyundo. Cha kwanza kilifunguka pale pale kwenye gluu, safi, kama kitabu. Cha pili kilikataa, kikakataa, halafu mbao yenyewe ikapasuka pembeni na gluu ikabaki imeshika. Anko alichukua vile vipande akaviangalia muda mrefu. Hakusema kitu. Jioni alibeba ndoo mwenyewe akaipeleka kwa nyumba.

Viti vyote sita nilivirudia bure. Na hii wengi hawajui: gluu mpya haishiki juu ya gluu ya zamani, inataka mbao tupu. Nilikaa siku tatu nikikwangua chaki kutoka kwa kila ulimi na kila tundu, na matundu ni mengi kuliko unavyofikiria. Viko hotelini mpaka leo. Mama huyo ameagiza benchi mbili.

Sasa hapa ningemaliza vizuri. Ningewaambia, unaona, sikuwa mbaya, ilikuwa ni baridi. Nilikuwa nimeanza hata kuandika hivyo. Halafu nikaenda jikoni kupima gluu iliyobaki, nikageuza ndoo, nikaona lebo ya nyuma. Herufi ndogo: usitumie chini ya nyuzi 10, usiache igande. Ilikuwa imeandikwa hapo muda wote. Mimi, mtu wa kampo, mtu wa kusoma, sikuwahi kuigeuza hiyo ndoo.

Baridi si yangu. Lebo ilikuwa yangu.

Na hapo ndipo nilikumbuka kampo. Nimewahi kuwaambia niliacha kwa sababu mfumo hauna maana. Si kweli. Karo ilichelewa muhula mmoja, mathe alikuwa anauguza nyanya na pesa haikuwepo. Hiyo haikuwa makosa yangu wala yake. Lakini kulikuwa na fomu ya kuahirisha masomo. Ilikuwa imebandikwa kwa ubao wa matangazo, nilipita hapo kila siku. Sikuisoma, kwa sababu kuisoma kungemaanisha kwenda ofisini kusema sina pesa. Nilifunga begi usiku, nikapanda matatu asubuhi, halafu nikaanza kuwaambia watu mimi ni mtu asiyemaliza vitu. Ilikuwa rahisi kusema hivyo kuliko kusema niliona aibu.

Sijui kama kampo watanirudisha. Barua nimeandika, na wiki hii mathe alipokuja nilimsomea kabla ya kutuma. Alisikiliza yote, akauliza tu, "Kwa nini hukuniambia wakati ule?" Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumekaa jikoni, ndoo iko katikati ya miguu yetu.

Kwa wale mnatengeneza vitu na mko sehemu za juu, Limuru, Kinangop, Nyahururu, Molo, msipitie haya yangu. Gluu isilale kwa simiti, ilale ndani ya nyumba. Ikipoa tu haijaharibika, weka chombo kwa maji ya vuguvugu kisha koroga, usiiweke juu ya moto. Mbao ipate joto pia. Bandika mchana, si jioni, na klampu ziache muda mrefu kuliko ulivyozoea. Ukiona chaki, kwangua yote uanze upya.

Na geuza ndoo. Soma nyuma.

Niambieni kwa komenti, ni kitu gani ulijilaumu sana kumbe hukuwa umeuliza tu?