Riwaya za Mapenzi na Kauli ya Kutendana

Mimi ni mfeministi, na napenda riwaya za mapenzi. Wapo wanaoisikia sentensi hiyo kama kwamba nusu yake ya kwanza imeandikwa na mtu mmoja na nusu ya pili na mwingine. Wenzangu wa harakati huuliza ninachuma nini katika vitabu ambamo binti hulegea magoti kwa kutupiwa jicho moja tu. Wenzangu wa kusoma nao huuliza kwa nini niingie kitabuni na kalamu nyekundu badala ya kujilaza mkekani na kufurahi. Kufurahi nafurahi, tena sana. Ila furaha yangu ina masharti, na nilipoyachunguza masharti hayo niliyakuta kuwa ni ya sarufi kabla hayajawa ya siasa.

Tuvitazame vitenzi vyetu. Mwanamume huposa, mwanamke huposwa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mwanamume huacha, mwanamke huachwa. Mtoto akiandika katika insha yake kwamba Asha amemwoa Juma, mwalimu atapiga mstari hapo, na darasa zima litacheka. Ajabu ni kwamba lugha hii hii ni karimu mno kwingineko. “Yeye” wetu hafichui kama ni mume au mke. “Mpenzi” vivyo hivyo. Mshairi anaweza kumlilia mpenzi beti ishirini na msomaji asijue analiliwa nani. Ukarimu huo wote hukoma tukifika mlangoni pa ndoa. Hapo kila mmoja hupewa kauli yake na kuambiwa aketi.

Lakini tunayo kauli nyingine, ile ya kiambishi “-an-”. Kupendana, kuoana, kusikilizana, kustahiana, hata kuachana. Humo hakuna mtenda na mtendwa. Wote wawili wako upande mmoja wa kitenzi. Basi mimi nikifungua riwaya ya mapenzi, swali langu la kwanza si kama mhusika wa kike ni msomi au ana kazi ya mshahara. Nauliza penzi hili limenyambuliwa katika kauli gani.

Swali hilo sikulipata darasani. Ndoa yangu ilipofika mwisho, mimi ndiye niliyekwenda kwenye baraza la kata, mimi niliyeeleza, na mimi niliyeomba talaka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mke kuidai talaka sawasawa na mume, baada ya shauri kupitia baraza la usuluhishi. Niliporudi nyumbani habari ilikwisha kunitangulia: “Kaachika.” Wa kwanza nilimsahihisha. Wa pili nilimsahihisha. Wa tatu nikamwacha aendelee na safari yake. Kitendo kilikuwa changu, lakini mtaa ulinipa “-ik-”, kiambishi kile kile cha kikombe kilichovunjika na shuka iliyochanika, mambo yanayotokea pasipo mtu kuyatenda. Ndiyo maana nazisoma riwaya kwa jicho kali. Natafuta mwandishi ambaye angenisimulia vizuri zaidi kuliko majirani.

Mkata, kwa asiyepajua, ni mji wa barabarani. Upo katika barabara kuu ya kutoka Chalinze kwenda Segera, na hapa ndipo inapochepuka njia ya Handeni. Mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha hupita usiku na mchana. Hatuna duka la vitabu la kutajika, ila tuna mabasi, na mabasi huacha karatasi. Hadithi za mapenzi za Eric Shigongo, zile zilizokuwa zikitoka kwa mfululizo katika magazeti ya Global Publishers, nyingi nilizisoma zikiwa zimefungia maandazi. Nilikuwa na sehemu ya tatu na ya saba, sijui kilichotokea katikati, na neno “itaendelea” limelowa mafuta. Usomaji wa namna hiyo una faida yake. Unapoikosa sehemu ya nne hulazimika kuitunga mwenyewe, na katika sehemu nilizozitunga mimi yule msichana alikuwa mjanja kuliko alivyokuwa gazetini.

Vitabu vyenyewe vilinifikia kwa kuazimana. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi niliisoma katika nakala isiyo na jalada. Ilitoka mwaka ule ule wa 1971, mwaka wa Sheria ya Ndoa, na kwa muda ilipigwa marufuku shuleni. Wengi hawaiiti riwaya ya mapenzi, nami nawaelewa, kwa kuwa mapenzi humo ni machache na maumivu ni mengi. Rosa, msichana wa Ukerewe, anapigwa vikali na baba yake Zakaria kwa kosa la kupokea barua ya mvulana. Baada ya hapo hapati kujifunza kusema ndiyo wala hapana. Anatendwa na baba, anatendwa na wakubwa wa chuo, na mwisho anatendwa na Charles, ambaye angekuwa mumewe lakini anamkataa kwa kuwa hakumkuta bikira. Naiheshimu riwaya hii kuliko ninavyoipenda. Inajua kuonyesha jinsi mtu anavyofungiwa ndani ya kauli ya kutendwa mpaka kitendo pekee kinachobaki mikononi mwake ni kujiua. Ila sikuwahi kuirudia kwa raha.

Shoga yangu mmoja, ambaye ana genge la nyanya hapa stendi, nilimsomea sehemu ile ya kipigo. Hakulia. Aliuliza, “Mjomba wake yuko wapi?” Mzigua ndivyo anavyosoma. Kwetu, kwa asili, ukoo hufuata upande wa mama, na kaka wa mama ana neno katika maisha ya mtoto wa dada yake. Baba akizidisha, hutazamwa mjomba atasema nini. Sidai kwamba wajomba wa Handeni ni malaika. Wapo waliowaoza wapwa zao kwa haraka kuliko baba yeyote. Lakini swali lile lilinifundisha kwamba hata upweke wa Rosa una jiografia yake. Tangu hapo, katika kila riwaya, huhesabu ni watu wangapi ambao mwanamke anaweza kukimbilia kwao. Riwaya nyingi za mapenzi humpa mtu mmoja tu, naye ni yule yule anayemkimbia.

Nizipite upesi zile za upelelezi, maana humo mapenzi ni kitoweo tu. Katika vitabu vya Elvis Musiba kuhusu Willy Gamba, mwanamke huingia chumbani akiwa ametanguliwa na maelezo ya kiuno chake. Ben Mtobwa alimpa Joram Kiango mwenzi aitwaye Nuru, mwanamke mwenye akili na ushujaa wake, na kwa ajili ya Nuru namsamehe mengi. Siku Njema ya Ken Walibora naipenda kwa sababu inaanzia Tanga, mkoa wetu, na kwa Kiswahili chake kinachotiririka; ila mpenzi wa Kongowea anaitwa Vumilia, na mimi siwezi kulisoma jina hilo bila kukisikia kitenzi katika hali ya amri. Sisemi mwandishi alikusudia. Nasema tu kwamba mabinti wengi wamepewa jina hilo bila kuandikwa katika cheti cha kuzaliwa.

Vuta n’kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, nimeisoma mara nne. Yasmin ni binti mdogo wa Kihindi wa Unguja katika miaka ya ukoloni, aliyeozwa kwa Raza, mwanamume wa kumzaa. Anatoroka. Hapo msomaji wa kawaida husubiri penzi la Denge, mpigania uhuru, nalo huja, tamu na la hatari. Mimi humsubiri Mwajuma. Yasmin akikataliwa na jamaa zake mwenyewe, Mwajuma wa Ng’ambo humfungulia mlango wa chumba chake cha kimaskini, wakala pamoja, wakacheka, wakagombana, wakapatana. Kama kuna penzi la kutendana katika kitabu kile, lianzie hapo, kwenye usuhuba wa wanawake wawili. Amil Shivji alipoitengenezea filamu, iliyotoka mwaka 2021, nilifurahi kwamba watu walioambiwa riwaya ndefu haisomeki sasa walikuwa wakimtaja Yasmin kwa jina.

Kinachonipendeza zaidi ni mwisho wake. Denge analazimika kukimbilia ng’ambo ya nchi, na Yasmin hafi kwa hilo. Hanyongwi na simanzi wala harejeshwi kwa Raza ili tupate somo. Anaendelea kuishi, na baadaye anampata Bukheti. Wapo waliolalamika kwamba mwisho huo umepoa, kwamba penzi kubwa lilipaswa kuishia kwa Denge au kaburini. Walalamikaji hao naamini hawajawahi kuitwa “kaachika”. Mimi niliusoma ukurasa ule nikakiweka kitabu kifuani. Mwanamke amevunja ndoa, amependa, amepoteza, amependa tena, na mwandishi hajamtoza faini.

Lakini nikiambiwa nichague kimoja nitachagua Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976. Nayo haiuzwi kama riwaya ya mapenzi. Huzungumzwa kwa habari ya matabaka, ardhi na mapinduzi, na yote hayo yamo. Rehema ni binti wa mwenye mashamba aliyeikimbia nyumba ya baba yake, akapita katika mji uliomtumia, kisha akakutana na Sulubu. Sulubu ni mkulima. Hana gari, hana manukato, hana hata yale maneno ya mtoni ambayo vijana wa hadithi huyamwaga. Ana mikono. Wanaoana, nami natumia “-an-” kwa makusudi, na wanalima ardhi ambayo baadaye itadaiwa na jamaa za upande wa baba. Mapenzi yao nayaona katika jembe: kung’oa visiki, kupanda, kuchoka pamoja, kula kilichotoka katika jasho la wawili.

Msomaji wa mjini anaweza kudhani natania. Ila mimi nimekulia penye mashamba ya mahindi, na najua kwamba jembe ndilo linalofichua ndoa. Wapo wanawake wanaolima, wakapalilia, wakavuna, na siku ya gunia kupakiwa lorini jina linaloitwa ni la mume. Naposoma kwamba mwanamume na mwanamke wanakitazama kipande kimoja cha ardhi na kila mmoja anasema “chetu”, moyo wangu hupiga namna ambayo haukuwahi kupiga kwa busu la mwezi mbalamwezi. Kwangu hiyo ndiyo ashiki. Wengine na wapendezwe na maua.

Sasa niseme na lililo karibu. Binti wa dada yangu, ambaye huniita mama mdogo, ana miaka kumi na tisa. Yeye hasomi Kezilahabi. Husoma hadithi zinazotumwa kwa simu, sehemu kwa sehemu, na nyingine hulipiwa ili kuendelea. Alinionyesha moja. Tajiri kijana, mkali, mwenye wivu, amemfungia msichana ndani ya jumba lake na kumnyang’anya simu.

“Anampenda kweli, mama mdogo,” aliniambia.

“Kama anampenda, mbona kafunga mlango?”

“Ndivyo anavyopenda.”

Hadithi ile si ya kwetu peke yetu. Mills & Boon ya London imewauzia wanawake wanaume wakali tangu miongo mingi. Huko Marekani Janice Radway alikaa na wanawake wasomaji wa riwaya hizo, akatoa kitabu mwaka 1984. Alikuta kwamba kwao kusoma ni saa pekee ya siku ambayo ni mali yao, bila mume wala watoto kudai kitu. Na akakuta pia kwamba hadithi zenyewe huwafundisha kuutafsiri ukali wa mwanamume kuwa ni penzi lililojificha. Nayaamini yote mawili. Saa ile ya binti yetu siwezi kumpokonya. Nami pia husoma hadithi hizo akiisha lala, na nyingine zimenikesha. Ninachokihofia ni ile tafsiri, kwa sababu kuna kijana anayemjia, na kijana huyo hukagua simu yake.

Hapo ndipo ladha inapokuwa jambo la maisha. Sheria ile ya 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilivitamka vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Mahakama inaweza kusema na umri. Haiwezi kumwambia msichana wa miaka kumi na tisa, mwenye ridhaa yake mwenyewe, kwamba mlango uliofungwa si shairi.

Sikumhubiria. Bi Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi wa nasaha katika karne ya 19, na mpaka leo tunabishana kama alimfunga au alimfundisha kuishi. Mimi sina utenzi wala ubavu huo. Nilimpa Vuta n’kuvute kwanza, akaimaliza kwa siku tano, akasema Denge angemfaa kama si siasa. Nikampa Nyota ya Rehema. Aliondoka nayo kwenda Kabuku kwa shangazi yake, na wiki nzima sikusikia neno. Jana usiku ulikuja ujumbe: “Mama mdogo, nimefika pale wanapolima. Usinihadithie mwisho.”